Pumzi ya Ng'ombe na Hesabu ya Chakula Chake

Leo tunaweka jembe chini kidogo tuzungumze historia, lakini si historia ya wafalme na vita. Ni historia ya watu waliojiuliza swali ambalo kila mfugaji hujiuliza mwisho wa kiangazi: chakula chote nilichompa ng'ombe huyu kimekwenda wapi?

Chukua mfano wa maksai aliyelishwa miezi minne. Amekula mabua ya mahindi, amekula nyasi kavu, amekula na majani ya mgomba. Mvua ya kwanza ikinyesha anafungwa nira, anavuta mistari miwili mitatu, kisha anasimama. Uzito haukuongezeka hata kilo moja, na pengine umepungua. Samadi ipo zizini, ndiyo, lakini ukiikausha na kuipima haifiki hata karibu na mizigo ya majani iliyoingia. Basi hiyo tofauti iko wapi?

Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya chakula hicho imetoka puani. Imetoka kama hewa, huku mwenyewe umesimama pale unatazama na huoni kitu. Hewa hiyo ni hewa ya ukaa, ambayo wataalamu huiita kaboni dioksidi. Na mtu akiweza kuipima, anaweza kukadiria ni nguvu kiasi gani mnyama ametumia. Jambo hili halikugunduliwa kwa siku moja. Limechukua zaidi ya miaka mia mbili, na hebu tulifuate hatua kwa hatua.

MOTO USIO NA MWALI

Tuanzie Scotland, katika miaka ya 1750. Huko alikuwako daktari mmoja, Joseph Black. Alikuwa akichunguza chokaa. Aliona kwamba kuna hewa fulani ambayo ikipita katika maji safi ya chokaa, maji yale hugeuka meupe kama maziwa. Akajaribu hewa inayotoka kwenye mkaa unaowaka: maji yakawa meupe. Akapuliza pumzi yake mwenyewe: maji yakawa meupe vilevile. Kumbe mkaa unaowaka jikoni na mtu anayepumua wanatoa hewa ya namna moja!

Aliyelifikisha jambo hili mbali zaidi ni Mfaransa, Antoine Lavoisier. Huyu hakuwa mtu wa maabara tu. Mwaka 1778 alinunua shamba mahali paitwapo Fréchines, karibu na mji wa Blois, akawa anaweka daftari la mazao na mifugo yake. Alikuwa mtu wa mizani. Kwake yeye, kitu kilichoingia lazima kionekane kimetokea wapi, kama vile mweka hazina wa chama cha ushirika anavyotakiwa kuonyesha kila senti.

Katika majira ya baridi ya mwaka 1782 kuingia 1783, Lavoisier na mwenzake Pierre-Simon Laplace walitengeneza chombo chenye vyumba vilivyozungukwa na barafu. Ndani yake wakamweka simbilisi, yule mnyama mdogo afananaye na sungura asiye na mkia. Joto la mwili wake likayeyusha barafu, maji yakachuruzika chini, nao wakayapima. Kwa saa 10 zilikuwa wakia 13 za barafu. Yaani walipata njia ya kupima joto kwa mizani, kama mtu anavyopima sukari dukani.

Kisha wakapima hewa ya ukaa anayotoa simbilisi kwa muda huohuo. Walikuwa wamekwisha kuchoma mkaa katika chombo kilekile, kwa hiyo walijua ni barafu kiasi gani huyeyuka kwa kila kipimo cha hewa hiyo. Wakapiga hesabu: kwa hewa aliyoitoa simbilisi, barafu iliyopaswa kuyeyuka ni wakia kama 10 na nusu. Hesabu ilisema 10 na nusu, chombo kilisema 13. Si sawasawa, lakini ni karibu mno kuwa bahati tu.

Kwa nini hazikulingana? Sababu mojawapo ni kwamba mnyama aliyekuwa katikati ya barafu alikuwa akipoteza joto zaidi kuliko yule aliyepimwa pumzi nje. Sababu nyingine ni kwamba chakula si mkaa mtupu: kina haidrojeni pia, nayo ikiungua hutoa joto na maji, si hewa ya ukaa. Lakini jambo kubwa lilikwisha kuonekana. Mwili wa mnyama ni jiko linalowaka polepole bila mwali, na kuni zake ni chakula.

Baadaye Lavoisier alimpima mwenzake Armand Seguin akipumua. Akaona kwamba mtu akifanya kazi, akiona baridi, au akiwa ametoka kula, hutumia oksijeni nyingi zaidi kuliko akiwa ametulia na njaa. Kazi hiyo haikumalizika. Lavoisier alikuwa pia mmoja wa watoza kodi wa mfalme, na wakati wa mapinduzi ya Ufaransa alikatwa kichwa, tarehe 8 Mei 1794.

NG'OMBE WA BOUSSINGAULT

Sasa tuje kwa ng'ombe. Jean-Baptiste Boussingault alifanya majaribio yake katika shamba la Bechelbronn, mkoa wa Alsace. Mwaka 1839 alitangaza matokeo ya jaribio ambalo mfugaji yeyote anaweza kulielewa, kwa maana hakutumia mtambo wa kupimia pumzi hata kidogo. Alikuwa na ng'ombe wa maziwa aliyelishwa viazi na majani makavu. Akapima chakula chote kilichoingia. Akapima maziwa yote, mkojo wote na kinyesi chote. Kisha akachunguza katika kila kimoja kuna kaboni kiasi gani. Kaboni ndiyo ule ukaa uliomo katika kila chakula na kila kiumbe.

Alipojumlisha vilivyotoka, havikufikia kilichoingia. Kila siku zilikosekana kaboni zaidi ya kilo 2. Hazikuwamo katika maziwa wala katika mkojo wala katika samadi. Hapakuwa na mlango mwingine ila pua na mdomo.

Ndugu msikilizaji, kilo 2 za kaboni ni kama kilo 2 za mkaa mzuri. Ni mkaa wa kupikia chakula cha familia, na ng'ombe mmoja anauteketeza kila siku akiwa amesimama zizini. Tukikadiria: kaboni kilo 1 ikiungua yote hutoa hewa ya ukaa yapata lita 1,870. Kilo 2 ni zaidi ya lita 3,700. Na kila lita 1 ya hewa ya ukaa inayotokana na chakula cha wanga huwa imeacha nyuma nguvu ya kilokalori 5 hivi. Kwa hiyo ng'ombe yule, kwa makisio ya haraka, alitumia zaidi ya kilokalori 18,000 kwa siku. Hayo ni makisio tu, na baadaye tutaona kwa nini yanahitaji kusahihishwa. Lakini angalia jinsi mtu mwenye mizani na uvumilivu alivyoweza kukadiria kitu kisichoonekana.

CHUMBA CHA KUPIMIA PUMZI

Mwaka 1849 Wafaransa wengine wawili, Henri Victor Regnault na Jules Reiset, waliwaweka wanyama wa namna nyingi katika chombo kilichofungwa, wakapima oksijeni inayoingia na hewa ya ukaa inayotoka. Waliona kwamba uwiano wa hewa hizo mbili hautegemei sana ni mnyama gani. Unategemea amekula nini. Mla nafaka anatoa hewa ya ukaa karibu sawa na oksijeni anayovuta. Mla nyama au mafuta anatoa kidogo kuliko anayovuta.

Katika miaka ya 1860, mjini München, Ujerumani, Max von Pettenkofer alijenga chumba ambacho mtu mzima aliweza kukaa, kula na kulala ndani yake. Hewa ilivutwa kupita chumbani kwa pampu za mashine ya mvuke, na sehemu yake ikapitishwa katika maji ya barita, ambayo hufanya kazi kama yale maji ya chokaa ya Black. Yeye na mwenzake Carl von Voit walipima mtu akiwa amepumzika na akiwa kazini. Siku ya kazi, hewa ya ukaa iliongezeka sana. Lakini nitrojeni ya mkojo, ambayo ni alama ya protini iliyovunjwa mwilini, haikuongezeka. Maana yake ni nini? Kazi ya misuli inaendeshwa zaidi na wanga na mafuta. Wengi kabla ya hapo waliamini kwamba msuli hujila wenyewe kila unapofanya kazi.

Wajerumani hawakuishia kwa binadamu. Huko Möckern, karibu na Leipzig, Gustav Kühn na baada yake Oskar Kellner waliwaingiza maksai katika vyumba kama hivyo. Kellner alikuwa amefundisha kilimo Japani kuanzia 1881 hadi 1892. Alimpa maksai chakula cha kumtosha tu asinenepe wala asikonde. Kisha akaongeza kitu kimoja, kwa mfano wanga safi, akapima tena kinachotoka kwenye pumzi, mkojo na kinyesi. Kaboni iliyobaki mwilini ndiyo iliyogeuka kuwa nyama na mafuta. Akapata kwamba kilo 1 ya wanga ulioyeyushwa tumboni hutoa gramu 248 za mafuta mwilini mwa maksai.

Alipojaribu makapi makavu ya ngano, matokeo yalikuwa mengine kabisa. Nguvu nyingi iliyokuwamo katika makapi ilimalizwa na kazi ya kuyatafuna, kuyacheua na kuyasaga. Kilichobaki kwa ajili ya mwili kilikuwa kidogo. Mwaka 1905 Kellner alitoa kitabu chake juu ya ulishaji wa mifugo, na kwa miaka mingi wafugaji wa Ulaya walipima chakula kwa kukilinganisha na wanga kama alivyofanya yeye. Wakati huohuo Marekani, Henry Armsby wa Pennsylvania alijenga chumba kilichopima joto la ng'ombe pamoja na pumzi yake. Vipimo vya namna mbili vikakaribiana sana. Ile tofauti ya wakia 13 na 10 na nusu ilikuwa imepata ufumbuzi.

PUMZI PEKE YAKE HUDANGANYA

Sasa tufike mahali penye mtego. Nimesema lita 1 ya hewa ya ukaa ni kilokalori 5 iwapo mnyama anaunguza wanga. Lakini akiunguza mafuta, lita hiyohiyo 1 ni kilokalori 6 na zaidi ya nusu. Kwa hiyo anayepima hewa ya ukaa peke yake lazima ajue mnyama anaunguza nini, la sivyo atakosea sana.

Na hapa ndipo penye funzo la kiangazi. Mnyama mwenye njaa haachi kupumua. Jiko lake haliwezi kuzimwa, kwa sababu likizimwa amekufa. Asipopata kuni kutoka nje, anachukua za ndani: anaunguza mafuta ya mgongoni, kisha nyama ya mapajani. Ng'ombe unayemwona amesimama kimya chini ya mti hana kazi, kumbe anajila mwenyewe.

Kwa wanyama wanaocheua kuna jambo lingine pia. Katika tumbo lao kubwa la kwanza wamo vijidudu wanaochachusha majani, kama pombe inavyochachuka mtungini. Uchachukaji huo nao hutoa hewa ya ukaa, pamoja na hewa ya methani, na zote mng'ombe huzicheua. Kwa hiyo si kila hewa ya ukaa itokayo mdomoni imetokana na jiko la mwili. Ndiyo maana yale makisio yetu ya kilokalori 18,000 yanahitaji kusahihishwa. Mwaka 1965 wataalamu walikubaliana kutumia kanuni iliyotolewa na Brouwer wa Uholanzi, inayojumlisha vitu vinne: oksijeni iliyovutwa, hewa ya ukaa iliyotoka, methani, na nitrojeni ya mkojo.

KUTOKA CHUMBANI HADI MALISHONI

Chumba kina kasoro moja: ng'ombe wa chumbani hatembei kwenda kisimani. Wataalamu wakatafuta njia ya kumpima akiwa huru. Huko Minnesota, Marekani, Nathan Lifson na wenzake waligundua mwaka 1949 kwamba oksijeni iliyomo katika hewa ya ukaa inabadilishana na oksijeni ya maji ya mwilini. Kufikia 1955 walikuwa wamepata njia kwa kutumia panya. Mnyama hupewa maji yenye haidrojeni na oksijeni zilizo nzito kidogo kuliko za kawaida. Haidrojeni hiyo hutoka mwilini kwa njia ya maji tu. Oksijeni hutoka kwa maji na pia kwa pumzi. Ukipima jinsi kila moja inavyopungua, tofauti yake ndiyo hewa ya ukaa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, wataalamu wa Australia walitumia njia nyingine inayofanana na hiyo kwa kondoo na ng'ombe walio malishoni.

Afrika Mashariki nayo haikubaki nyuma. Katika kituo cha utafiti cha Muguga, karibu na Nairobi, A. Rogerson alipima matumizi ya nguvu ya ng'ombe katika joto na baridi, akatangaza matokeo mwaka 1960. Mwaka 1968 alitangaza vipimo vya pofu na nyumbu. Na siku hizi, katika taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, vipo vyumba vya kupimia pumzi ya ng'ombe. Matokeo yaliyotolewa mwaka 2020 yalionyesha kwamba ng'ombe akilishwa chini sana ya mahitaji yake, methani anayotoa kwa kila kilo ya chakula huongezeka. Yaani hata kile kidogo ulichompa, sehemu kubwa zaidi yake inapotea hewani.

SISI TUNAPATA NINI HAPA?

Mtasema: haya yote ni mazuri, lakini nani kati yetu ana chumba cha kupimia pumzi? Hakuna, na wala hakihitajiki. Wenzetu wamekwisha tupimia. Kazi yetu ni kuzitumia hesabu zao.

Kwanza, mwili hujilipa kabla ya kumlipa mwenye mali. Kile chakula cha kumweka ng'ombe hai, yaani chakula cha kujikimu, lazima kitoke. Maziwa, kazi na uzito hutokana na kinachozidi hapo. Ukiwa na majani ya kuwakimu ng'ombe wanne ukayagawa kwa sita, hupati faida ya ng'ombe sita. Unapata pumzi ya ng'ombe sita, na nyama inapungua kwa wote. Tunajua ng'ombe ni benki, ni mahari, ni maziwa ya watoto. Lakini njaa nayo ni mtoaji wa fedha benki, na haiombi ruhusa. Kumuuza mmoja au wawili mwanzoni mwa kiangazi, wangali na mwili, mara nyingi ni bora kuliko kusubiri hadi mwisho wake.

Pili, mwendo. Wazee wanasema ng'ombe haelemewi na nunduye, na kwa mambo ya jamaa ni kweli kabisa. Lakini vipimo vya pumzi vinasema kwamba nundu nayo hubebwa kwa gharama. Ng'ombe wa kilo 300 akitembea kilomita 5 kwenda majini na 5 kurudi, katika tambarare, hutumia zaidi ya kilokalori 1,400 juu ya zile za kujikimu. Kuzirudisha kunataka kilo moja na zaidi ya mabua makavu, kila siku. Mlima ukiwapo, gharama hupanda. Kwa hiyo lambo lililochimbwa karibu, au pipa la kukinga maji ya bati, ni chakula cha mifugo ingawa hakitafunwi.

Tatu, maksai wa kulima. Siku ya kazi maksai hutumia kama mara moja na nusu ya nguvu anayotumia siku ya kupumzika. Nguvu hiyo haiwezi kujazwa kwa mabua matupu, kwa sababu tumbo lina mwisho wake. Msiwangojee mvua inyeshe. Anzeni kuwaongezea maksai chakula wiki kadhaa kabla: pumba za mahindi au za mpunga, machicha, mashudu ya pamba au ya alizeti, kulingana na kinachopatikana kwenu. Katika msimu wa kulima wapeni muda wa kula na kucheua, wala msiwafunge nira kutwa nzima.

Nne, mabua. Kumbukeni makapi ya Kellner. Yakusanyeni mara baada ya mavuno kabla jua na mchwa hawajayamaliza, yawekeni kivulini juu ya uchaga, yakateni vipande vifupi, na changanyeni na majani ya jamii ya kunde kama vile maganda ya maharage, majani ya karanga au ya lukina. Wale vijidudu wa tumboni nao wanataka kulishwa ili waweze kuyavunja mabua.

Tano, pimeni. Utepe wa kuzungushia kifua cha ng'ombe nyuma ya miguu ya mbele hueleza uzito wake kwa makisio. Mwombeni bwana mifugo awaonyeshe. Andikeni kipimo daftarini kila baada ya wiki mbili. Utepe ukianza kulegea, jueni kwamba jiko limeanza kuchoma nguzo za nyumba. Hapo bado kuna nafasi ya kuokoa. Mbavu zikianza kuhesabika kwa macho, mmekwisha chelewa, na maksai wa kununua wakati wa mvua bei yake mnaijua.